Pauni Nne za William Clarke

William Clarke wa Nottingham amebandikwa jina la ubahili katika historia ya kriketi, na limeganda. Mwaka 1846 aliunda timu ya wachezaji wa kulipwa, All-England Eleven, akaizungusha miji ya Uingereza, akawalipa wenzake pauni 4 hadi 6 kwa mechi, na kilichobaki akakiweka mwenyewe bila kumwonyesha mtu hesabu. Mwaka 1852 wachezaji John Wisden na Jemmy Dean waliongoza kundi lililojitenga na kuunda United All-England Eleven. Wakatia saini tamko kwamba, mbali na mechi za kaunti, hawatacheza popote penye mkono wa Clarke.

Malalamiko yao yalikuwa na msingi. Ila hizo pauni 4, zinazotajwa kila mara kama ushahidi wa unyonyaji, zipimwe kwa thamani ya wakati wake. Mwaka 1850 kibarua wa shamba Uingereza alipata wastani wa shilingi 9 na peni 6 kwa wiki. Pauni 1 ilikuwa shilingi 20, na shilingi 1 ilikuwa peni 12. Mechi moja ya siku 3 basi ilimpa mchezaji wa Clarke shilingi 80, zaidi ya ujira wa wiki 8 wa kibarua yule. Mchezaji aliyecheza mechi 20 kwa msimu, kwa malipo ya chini kabisa, alikusanya pauni 80. Kibarua aliyefanya kazi wiki zote 52 za mwaka hakufikisha pauni 25.

Kutoka kwenye pauni 80 hizo, nauli, malazi na vifaa vilikuwa juu ya mchezaji mwenyewe. Timu ilicheza mara nyingi mechi mbili kwa wiki, katika miji iliyo mbalimbali, kwa hiyo nauli haikuwa kitu kidogo. Aliyevunjika kidole alikosa mechi na malipo pamoja, na kuanzia Oktoba hadi Aprili hakukuwa na mchezo. Wakosoaji wanasema kweli hapa. Wanachokiruka ni hali iliyokuwapo kabla ya 1846. Mchezaji wa kulipwa aliishi kwa hisani ya mabwana wakubwa waliomwajiri kwenye mashamba yao ili awachezee, au alikaa Lord's, uwanja wa kriketi wa London, akiwarushia mpira wanachama wa klabu ya MCC iliyoumiliki. Bwana akichoka na mchezo, riziki imekatika. Clarke aliwapa ratiba ya msimu mzima na malipo yasiyotegemea hisani ya mtu.

Ujuzi huo wa biashara hakuupata London. Alikuwa mwashi, kisha mwenye baa, na jicho lake la kulia lilikuwa limepoteza uwezo wa kuona baada ya kupigwa na mpira. Mwaka 1837 alimwoa Mary Chapman, mjane aliyeendesha nyumba ya wageni ya Trent Bridge. Akazungushia uzio uwanja uliokuwa nyuma ya nyumba hiyo, akaufungua mwaka 1838 na kutoza kiingilio cha peni 6. Watu wa Nottingham, waliozoea kutazama kriketi bure, walinung'unika. Hata hivyo somo lilikuwa limeeleweka: penye uzio na lango, watazamaji wanaweza kuwalipa wachezaji.

All-England Eleven ilipanua hesabu hiyohiyo kwa msaada wa reli. Klabu ya mji ililipa ada, ikatengeneza uwanja, ikakusanya viingilio. Ili mechi isiwe ya upande mmoja, wenyeji walipewa wachezaji 18, 20 au hata 22. Mechi ya kwanza, Sheffield, ilikuwa dhidi ya 20, na Clarke akafungwa. Mara nyingi wenyeji waliongezewa warushaji wa kulipwa wa kuazima, nazo zikawa ajira za ziada. Kasoro ilikuwa kwenye mchezo wenyewe: wadakaji 22 wakitawanyika uwanjani, mpira haupati mwanya, na mikimbio, yaani alama za wapigaji, inakuwa haba.

Mfumo huo pia unaeleza wiketi 476, yaani wapigaji aliowatoa mchezoni, anazohesabiwa Clarke mwaka 1853. Timu ya watu 11 ina wiketi 10 katika ingwe moja, yaani zamu moja ya kupiga. Timu ya 22 ina 21, yaani 42 katika ingwe mbili, na wapigaji wengi hawakuwa na ujuzi. Akiwa nahodha, alijipangia pia ova, yaani zamu za kurusha mpira, nyingi kupita kiasi. Pamoja na hayo, alikuwa na umri wa miaka 54, akirusha polepole kutoka usawa wa nyonga wakati kurusha kwa mkono ulionyooshwa pembeni hadi usawa wa bega kulikuwa kumeruhusiwa tangu 1835. Aliwanasa wapigaji kwa kubadili urefu wa mpira na kuuzungusha, na wapigaji bora wa nchi nao walisumbuka.

Kwa maoni yangu, kosa la Clarke halikuwa kiwango cha malipo. Lilikuwa kuficha vitabu vya hesabu, na kukosa kutenga chochote kwa walioumia. Alifariki Agosti 1856. Mwaka uliofuata timu mbili hasimu zilikutana Lord's, na mapato yakaenda kwenye mfuko wa kuwasaidia wachezaji. Mwaka 1859 kila upande ulitoa watu 6 kwa ziara ya Canada na Marekani chini ya unahodha wa George Parr, na kila mmoja akarudi na takriban pauni 90. Nusu ya wasafiri hao walitoka kwenye timu aliyoiunda Clarke, na nusu nyingine kwenye ile iliyozaliwa kwa kumkimbia.