Tuchukue Tahadhari Gani?

Jumamosi iliyopita nilikuwa zamu ya mchana kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, hapa Norman, Oklahoma. Saa sita kamili ving'ora vya mji vikalia, kama vinavyolia kila Jumamosi hali ya hewa ikiwa shwari, kwa majaribio tu. Baada ya chakula tukawawekea wazee filamu sebuleni. Aliyeichagua ni bibi mmoja wa miaka 88: Twisters, ile ya 2024, ya vijana wanaofukuza vimbunga kwa magari. Filamu hiyo naipenda. Nilishaiona mara mbili na mara zote mbili nililia. Nikavuta kiti nyuma yao nikunje taulo huku natazama.

Mwanzoni kabisa Kate na wenzake wanazidiwa na kimbunga, wanaacha gari, wanakimbilia chini ya daraja la barabara kuu. Aliyeiona anajua kinachofuata. Koo lilishanikaba. Mara yule bibi akapaza sauti: "Siyo chini ya daraja, binti! Toka hapo!" Babu mmoja aliyelima ngano maisha yake yote akadakia kwamba chini ya daraja upepo unabanwa na kuzidi kasi, halafu unakung'oa. Wa tatu akasema bora mtaroni, ulale kifudifudi ukinge kichwa. Wa nne akamkatalia, mtaro hujaa maji. Kwenye skrini watu wanakufa, wazee wangu wako mtaroni wanabishana.

Nakiri iliniudhi. Na haikuishia hapo. Kate na mwenzake Tyler walipojificha na mama na mtoto kwenye bwawa la kuogelea lisilo na maji, ukawa mjadala mwingine. Kila watu walipokimbia, mtu aliuliza: viatu wamevaa? Kofia ziko wapi? Ilipofika ile dawa ya kuua kimbunga, unga uleule unaofyonza mkojo kwenye pampasi za watoto, babu wa ngano akaanza kupiga hesabu ya malori mangapi ya unga yangehitajika. Mwisho wa filamu watu wa El Reno, mji wa huku Oklahoma, wanajazana kwenye jumba la sinema, na bibi akatikisa kichwa: ukumbi mpana, paa refu, hapana. Chumba kidogo cha ndani, kisicho na dirisha, chini kabisa.

Usiku nikasoma maoni ya watazamaji wengine, maana nilikuwa bado na kinyongo. Wapo waliolalamika kwamba Kate na Tyler hawakubusiana mwishoni. Wapo waliosema imekuwaje filamu ya dhoruba isitaje mabadiliko ya tabianchi hata mara moja, na hao nawaunga mkono. Wapo wanaoililia ile ya kwanza ya 1996, yenye Helen Hunt na Bill Paxton, na wapo wanaowajibu kwamba ile ndiyo ilikuwa na watu waliojifunga kwa mikanda kwenye mabomba wakapona katikati ya kimbunga kikubwa kuliko vyote. Lakini hoja za watu wa huku Oklahoma zilikuwa zilezile za sebuleni kwetu. Daraja. Viatu. Bwawa. Ukumbi.

Nilipoelewa sababu, kinyongo kikaisha. Mwaka 1991, kule Kansas, watu wa televisheni walijibanza chini ya daraja, kimbunga kikapita, wakatoka wazima, na mkanda wao ukaoneshwa kila mahali. Nchi nzima ikajifunza kwamba daraja ni kinga. Tarehe 3 Mei 1999 kimbunga cha nguvu za juu kabisa kikapita Bridge Creek na Moore, kilomita chache kutoka hapa nilipo. Siku hiyo wapo walioacha magari yao wakakimbilia chini ya madaraja, na watu 3 wakafia huko. Picha iliwafundisha, picha ikawaua. Kwa hiyo bibi anapoipigia kelele skrini, hachambui sanaa. Anamwokoa binti.

Jumatatu nikaingia chumbani kwake kubadili mashuka. Nyuma ya mlango imening'inia kofia ya baiskeli, ya zambarau, ndogo, ya mjukuu wake alipokuwa mtoto. Nimeipita miezi mingi nikidhani ni kumbukumbu. Nikamuuliza. Akaniambia niishushe. Ndani amebandika utepe mweupe wenye jina lake na namba ya simu ya binti yake. Kwenye kamba ya kidevuni amefunga filimbi. "Nikifukiwa, sauti itakauka mapema," akasema. "Filimbi haikauki." Chini ya kofia kuna viatu vya raba, soksi zimeshaingizwa ndani, kwa sababu kimbunga kikipita unatembea juu ya misumari na vioo. Amekaa vile tangu 2013, Moore ilipopigwa tena, watu 24 wakafariki, 7 kati yao wanafunzi wa shule moja ya msingi.

Nilirudi kwenye korido nikasimama kidogo na mashuka mkononi. Nilikuwa namfikiria mama mdogo.

Mama mdogo anaishi Katesh, mkoani Manyara, nyumbani Tanzania. Mnajua nazungumzia nini. Jumapili asubuhi, tarehe 3 Desemba 2023, sehemu ya Mlima Hanang iliyolowa maji ikameguka, tope na mawe na magogo yakashuka juu ya watu, zaidi ya 80 hawakuamka tena. Nyumba ya mama mdogo iko juu kidogo. Duka lake la nafaka, bondeni, lilijaa tope hadi dirishani. Jirani yake kwa miaka ishirini, waliyekuwa wakichangia kisu cha jikoni, alizikwa wiki ile.

Sitakubali mtu aniambie kwetu hakuna wataalamu. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza tangu Agosti mwaka ule kwamba vuli itakuwa ya El Niño, mvua juu ya wastani. Mei 2024 waliifuatilia Hidaya, kimbunga cha baharini, siku kadhaa kabla haijafika, wakaipa mwelekeo, boti za Zanzibar zikasimama, na kimbunga kikaja Mafia kama walivyosema. Vijana wetu wale wanasoma setilaiti zilezile wanazosoma hawa jamaa wa hali ya hewa wa hapa Norman. Na kabla ya setilaiti, mvuvi wa Kilwa alishajua kusi na kaskazi kuliko mtangazaji yeyote. Bibi yangu mzaa mama alikuwa anaangalia kilele cha Hanang asubuhi, kikijifunika anaanua ulezi, na sikumbuki akikosea. Hayo ninayo kifua mbele, na wazee wa hapa nimeshawasimulia.

Tatizo langu ni sentensi moja. Ile ya mwisho. Ramani inakuja kwenye kundi la ukoo, imepakwa njano au rangi ya chungwa, juu imeandikwa angalizo au tahadhari, mikoa imetajwa, siku zimetajwa. Vizuri kabisa. Halafu mwisho, ikishapita kwa redio na kwa mkuu fulani na kwa mtu aliyeisambaza mara elfu, kinachomfikia mama mdogo ni hiki: wananchi mnaombwa kuchukua tahadhari. Tahadhari gani? Ahame? Aende wapi, kwa nani, saa ngapi, abebe nini, amwache nani na ng'ombe? Chini yake mnaandika Amina, Mungu atulinde, mikono mitatu ya kuomba, na mazungumzo yanahamia kwenye mchango wa harusi.

Hapa mtangazaji wa televisheni anavua koti, anasimama mbele ya rada, anataja mitaa. Saa moja na dakika kumi na mbili kitakuwa njia panda hii. Saa moja na robo, shule ile. Uliye hapa, ingia chumba cha ndani sasa hivi, vaa viatu, chukua kofia, mfunike mtoto kwa godoro. Mara ya kwanza kusikia nilidhani anagombeza watu. Baadaye nikagundua kwamba kati ya maneno yake hakuna hata moja ambalo siwezi kulifanya kwa mikono yangu.

Kwa hiyo mwezi uliopita, ramani ya rangi ya chungwa ilipokuja kwenye kundi, niliandika swali moja: mtakimbilia wapi? Binamu yangu akajibu ndani ya dakika: "Kaka, usituletee mambo ya Marekani." Akafuata mwingine: tangu apande ndege anaona sisi hatuna akili. Mjomba, ambaye namheshimu sana, akaandika tu: "Mwanangu, tumeishi na mlima huu kabla hujazaliwa."

Iliniuma, na sitajifanya haikuniuma. Mimi ninayeosha wazee wa watu ili ada ya watoto wenu ilipwe, nina kiburi gani? Sikuwaambia mjenge ving'ora. Najua umeme wenyewe unavyokuja. Sikusema mchimbe mahandaki. Mtaniambia hao wana hela. Ndiyo, rada ni hela na helikopta ni hela. Lakini kujua kwamba sisi tunapanda kwa mwalimu na siyo kwa mama Neema kule bondeni, hilo linauzwa duka gani?

Utaniambia pia: mbona wao wenyewe wanakufa? Wanakufa. Na hawafichi. Tarehe 31 Mei 2013 kimbunga cha El Reno kilikuwa na upana wa kilomita 4.2, kikawaua hata wataalamu wa kuwinda vimbunga, Tim Samaras na mwanawe Paul na mwenzao Carl Young, watu waliosifika kwa uangalifu. Jioni ileile mtangazaji mmoja aliwaambia watu wapande magari waelekee kusini, barabara zikafurika, watu wakakwama garini huku wingu linakuja. Mpaka leo babu wa ngano akiikumbuka anapandisha sauti. Wanaweza kubishana na maelekezo kwa sababu walipewa maelekezo. Sisi tunabishana na nini? Ile sentensi haijawahi kukosea, kwa sababu haijasema kitu.

Na lile la "wametutisha bure" ndilo linaloninyima usingizi zaidi. Hidaya ilipopungua nguvu, kuna ndugu zangu wa Dar waliandika: kimbunga chenyewe kiko wapi? Kama vile wamedhulumiwa. Wakati huohuo mvua zake zilikuwa zimeikata barabara ya Lindi pale Somanga, magari yamelala njiani. Hapa zaidi ya nusu ya maonyo ya kimbunga hayaishii kwa kimbunga. Nimeingizwa koridoni na wazee mara nne mwaka huu, viti vimepangwa ukutani, mablanketi juu ya vichwa, bibi na kofia yake ya zambarau, tumekaa dakika arobaini, hakuna kilichotokea. Hakuna aliyenuna. Waliombwa radhi na nani? Na hakuna. Wakarudi mezani kumalizia supu.

Nikiwa mdogo, kisulisuli kilipopita uwanjani kikibeba vumbi na makaratasi tuliambiwa tukae chini, tuteme mate, kuna pepo ndani. Wenzangu wa kanisani hapa nilipowasimulia walikumbuka Eliya alivyopaa kwa upepo wa kisulisuli. Leo nalitazama lile agizo la bibi yangu kwa jicho jingine. Kaa chini. Mwili chini, macho umefumba, vumbi lipite. Bibi hakutuambia tuchukue tahadhari. Alituambia tukae chini, na tulikaa.

Kwa hiyo nasema kwa moyo wote, na binamu akitaka asinisalimie Krismasi: maneno ya aina hiyo tulikuwa nayo. Tumeyaacha njiani tukachukua lugha ya barua za ofisi.

Jana usiku mama mdogo alinitumia ujumbe wa sauti, siyo kwenye kundi, kwangu. Nilishaandika "shikamoo" tu, bila swali, nimechoka kubishana. Alianza na habari za mahindi, halafu akasema lile swali langu amelala nalo. Kupanda kwa mwalimu anaweza, kwa mguu ni dakika kumi kama hakuna utelezi, na mama yake mkwe atapakiwa kwenye bodaboda ya Paulo. "Lakini mwanangu, ile siku watu walikuwa wamelala. Simu yangu usiku nazima kutunza chaji. Nani ataniamsha?"

Nikamwambia habari ya ving'ora, nikajisikia mjinga katikati ya sentensi. Akanikatiza. Akasema kanisani kuna kengele, na msikiti una kipaza sauti kinachofika mpaka bondeni, na vyote viwili vina mtu anayeamka kabla ya watu wote. Jumapili baada ya Misa atamuuliza katekista. Kwa imamu atakwenda na mwenyekiti wa kitongoji, maana peke yake watamwona anatafuta makuu.