Nani aiambie treni isiondoke?

Kila LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini Tanzania, inapotajwa kwenye habari za reli, hoja ni ile ile: Shirika la Reli (TRC) ni la serikali, LATRA nayo ni ya serikali, wote wako chini ya wizara moja. Basi leseni ni karatasi inayohama meza, na faini ni hela ya mfuko wa kushoto kuingia wa kulia. Si hoja ya kubeza. Kumkagua ndugu yako ni kazi ngumu kuliko kumsimamisha mwenye basi barabarani.

Ila wanaoisema wanaijua LATRA kwa nauli na mwendo wa mabasi, wameisahau Juni 24, 2002. Treni ya abiria ilishindwa kupanda mlima mkoani Dodoma, breki hazikushika, ikarudi nyuma kwa kasi na kugonga treni ya mizigo. Walikufa watu 281. Hao ni abiria wa mabasi zaidi ya manne yaliyojaa, kwa mpigo mmoja. Sheria ya kuunda SUMATRA, mtangulizi wa LATRA, ilikuwa imepitishwa 2001, lakini mamlaka yenyewe ilianza kazi 2004. Sidai kwamba mkaguzi wa nje angeizuia treni ile stesheni. Nasema hakuwepo mtu wa nje ya shirika, asiyeuza tiketi, ambaye kazi yake ni kusema "haiondoki" huku abiria wamejaa jukwaani.

Sheria ya 2019 imempa LATRA kazi hiyo: njia, vichwa, mabehewa, hadi kuwathibitisha madereva. Na haja yake inazidi. Tangu 2024 reli ya kisasa (SGR) inabeba abiria kwa treni za umeme zinazofika kilomita 160 kwa saa. Sheria ya Reli ya 2017 nayo inaruhusu waendeshaji binafsi kwenye njia za TRC, ambayo yenyewe ina treni zake. Siku behewa la kampuni binafsi likikutwa bovu, nani alikatae? Likikataliwa na TRC, hata kwa haki, itaitwa wivu wa biashara.

Udugu wa kiserikali bado upo, sikatai. Basi tuidai LATRA ituorodheshee mabehewa iliyoyakataa, pamoja na ya TRC.