Mama kaingia kwenye wimbo wa kimya, na mimi ndiye niliyemleta

Najua mshasikia. Yule jamaa yangu niliyeenda naye kashazunguka kote na toleo lake, na kwenye toleo lake eti nililia, eti nilitoka ukumbini natambaa chini ya viti, eti mpiga piano alinirushia kitabu cha nota. Uongo mtupu. Kwanza hakikuwa kitabu, zilikuwa karatasi tu, na hakunirushia, alizifunua kistaarabu kabisa, na hilo ndilo lililonimaliza zaidi, tutafika. Ngoja nieleze mwenyewe kabla sijasikia kwamba nilibebwa na polisi.

Tulikwenda kusikiliza 4'33" ya John Cage, yule mtunzi wa muziki wa Marekani. Ndiyo, ule wimbo. Mpiga piano anakaa, anafunika kinanda, anatazama saa, na hapigi kitu dakika 4 na sekunde 33. Una sehemu tatu, na zote tatu hazina kitu. (Wewe unayecheka huko nyuma nakuona, subiri zamu yako ya kucheka inakuja.)

Sasa mnanijua. Huo wimbo nimeuhubiri mpaka watu wakiniona wanavuka barabara. Njia nzima namsomesha jamaa, hata hajauliza. Namwambia kaka, Cage mwaka 1951 aliingia kwenye kile chumba cha Chuo Kikuu cha Harvard kisicho na mwangwi hata kidogo, akategemea asikie kimya, badala yake akasikia sauti mbili, moja nyembamba na moja nzito, akaambiwa hiyo nyembamba ni neva zako na hiyo nzito ni damu yako inazunguka. Akaona basi, kimya hakipo duniani. Mwaka uliofuata, tarehe 29 Agosti 1952, huko Woodstock, jimbo la New York, David Tudor akakaa kwenye piano mbele za watu na asipige kitu. Sehemu ya kwanza ukasikika upepo nje, ya pili mvua kwenye paa, ya tatu ni watu wenyewe wananung'unika na wengine wanainuka wanaondoka. Kwa hiyo, nikamwambia, muziki ni ninyi mliokaa pale. Ukikohoa, umo. Kiti kikilia, kimo. Nikamwambia kwa ile sauti yangu mnayoichukia, ya mtu aliyesoma jalada la nyuma akajiona kasoma kitabu.

Jamaa akaniuliza, "Kwa hiyo nikisinzia nikakoroma nitakuwa nimeshiriki?"

Nikamjibu, "Utakuwa umeshiriki."

Lishikeni hilo neno.

Ukumbini grupu letu lote lilikuwepo. Wageni niwaambie tu, sisi ndio wale wa kilabu cha vitabu visivyosomeka, tumekwama kwenye hati ya Voynich muda mrefu sasa, ile iliyoko maktaba ya Chuo Kikuu cha Yale, ya karne ya 15, michoro ya mimea isiyokuwepo na maandishi ambayo hakuna binadamu aliyethibitisha kwamba ameyasoma. Raha ya kilabu chetu ni kwamba hakuna anayekuja bila kusoma, maana wote hatujasoma. Basi mbele yangu kabisa akakaa mzee wetu wa grupu. Huyu mzee anamiliki santuri ya Metal Machine Music ya Lou Reed, ya mwaka 1975, kelele tupu za gitaa kuanzia mwanzo, na ule upande wa nne umechongwa kwa makusudi sindano ikifika mwisho inazunguka palepale, haukatiki mpaka uinuke ukauzime mwenyewe. Yeye huwa hainuki. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyekuwa amenipa kisogo, hatua moja toka kwenye magoti yangu.

Simu niliizima sauti. Nasema tena kwa herufi kubwa, SIMU NILIIWEKA KIMYA, na nikamgeukia jamaa nikamwambia na wewe weka, tusiabike. Ila kuna kitu simu haikwambii. Ukiiweka kimya inanyamazisha mlio wa kuita na wa meseji basi, miziki na video na voisi vina sauti yake pembeni, haviguswi. Na hiyo sauti ya pembeni mwenzenu nilikuwa nimeipandisha mpaka mwisho njiani, namlazimisha jamaa asikilize The Shaggs, wale akina dada wa New Hampshire ambao baba yao aliwatoa shule wakapige bendi kwa sababu bibi yao alisoma kiganja akatabiri. Albamu yao ni ya 1969, ngoma inakwenda njia yake na gitaa linakwenda njia yake, mimi naipenda kufa. Jamaa alivumilia nyimbo mbili akaniomba nimshushe, na tulikuwa tunatembea kwa miguu.

Kitu kingine mnachotakiwa kujua ni kwamba siku za nyuma nilimtumia mama video ya kile kinanda cha mabomba cha Halberstadt, Ujerumani. Ni kazi ya Cage huyohuyo, maelekezo yanasema ipigwe polepole kadiri inavyowezekana, wajerumani wakalichukua hilo kwa uzito wote, wakaanza mwaka 2001 kanisani na wanategemea kumaliza mwaka 2640. Ilianza na kimya, mlio wa kwanza ukatoka 2003. Nilimtumia mama nikiwa na hisia kali, nikaandika "mama sikiliza hii itakubadilisha." Hakujibu. Mama yangu hajibu meseji, anakusanya, halafu siku akipata nafasi anamwaga voisi mfululizo kama mahindi kwenye gunia.

Haya. Taa zikashuka. Mpiga piano akaingia, akainama, akakaa, akafunika kinanda, akabonyeza saa. Sehemu ya kwanza ikapita vizuri kabisa, nikasikia feni, nikasikia mtu anameza mate, nikamtazama jamaa kama kumwambia umeona? Sehemu ikaisha, kifuniko kikafunguliwa, kikafunikwa tena, sehemu ya pili ikaanza.

Hapo ndipo nikapata wazo la kurekodi. Maana nyie, kimya cha kila shoo ni tofauti, hiki hakitarudi tena, halafu mimi shabiki namba moja nitoke mikono mitupu? Nikatoa simu taratibu, mwanga nimeupunguza, nimeilaza pajani, dole gumba linakwenda kwenye kile kitufe cha kurekodi. Na dole likiwa hewani, wallahi likiwa hewani, juu ya kioo ikateremka taarifa: Mama. Nikaigusa. Ikafunguka. Nikajaribu kurudi nyuma, dole lina jasho, likateleza, likatua kwenye kile kipembetatu cha kuchezesha voisi.

"HALOO?"

Ukumbi mzima. Ile sauti ya mama ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto.

"Haloo? Hii inarekodi? Baba yake, hebu njoo uone kama inarekodi."

Kwenye sekunde hizo akili inafanya vitu vya ajabu. Mimi niliwaza, aisee huyo mama anafanana sauti na mama yangu. Kisha nikaibana simu kifuani, kioo kikawa cheusi, kitufe cha kusimamisha hakionekani tena. Nabonyeza pembeni, nabonyeza juu, napapasa. Mama anaendelea.

"Mwanangu, marahaba, maana shikamoo yako mpaka nikaiombe. Nimeuangalia mziki wako wa kinanda. Nimekaa, nimesubiri uanze. Haujaanza. Nimekwenda kuoga, nimerudi, bado ni ileile honi. Sasa nauliza, fundi wao yuko wapi?"

Pale kulia kuna mtu alitoa sauti kwa pua. Mmoja tu. Lakini mnajua kicheko cha pua kwenye ukumbi wa kimya, kile huwa ni cheche.

Nikaikalia simu. Kwa akili yangu, makalio yatafunika. Viti vya ukumbi ule ni vya mbao na chini viko wazi, kwa hiyo sauti badala ya kufa ikapata besi. Voisi ya kwanza ikaisha. Nikashusha pumzi, nikafumba macho, nikamshukuru Mungu. Halafu ukasikika ule mlio mdogo, "tip," kwa sababu voisi zikifuatana zinajicheza zenyewe, hakuna anayeziomba.

"Unasema utaisha mwaka elfu mbili mia sita na arobaini. Mwanangu! Wewe shuka zako tu mpaka nikukumbushe kufua. Huko utafika na nani?"

Mabega ya mzee yakaanza kutikisika. Yule mzee wa Metal Machine Music, mtu ambaye sijawahi kuona meno yake, mabega yanapanda yanashuka. Jamaa yangu kajiziba mdomo kwa mikono yote miwili, machozi yanamtoka, wala hanisaidii. Mpiga piano yeye hakugeuka. Saa anaitazama, mgongo umenyooka. Mimi nimekaa wima, natazama mbele, nimevaa ule uso wa mtu ambaye sauti inatoka kwa jirani yake.

"Tip."

"Halafu ile dawa yako ya fangasi umeiacha huku bafuni."

Jamani.

"Ile ya mapajani."

Na ni hapo, sawasawa na neno "mapajani," ndipo mpiga piano aliponyoosha mkono na kufunua ukurasa. Taratibu. Kwa heshima. Kama imeandikwa kwenye nota zake kwamba hapa mama anataja mapaja, funua.

"Usivae suruali za kubana, pawe panapita hewa."

Mnataka kujua nilikuwa nimevaa suruali gani. Hamtaambiwa. Ila mzee aligeuka. Katika shoo nzima aligeuka mara hiyo tu, akatazama suruali, akarudisha macho mbele.

Nikainuka nusu, nikaichomoa ile simu, nikaibana kile kitufe cha pembeni kwa vidole gumba vyote viwili mpaka ikakubali kuzima kabisa. Kimya kikarudi. Kinanda kikafunguliwa, kikafunikwa, sehemu ya tatu. Na hiyo sehemu ya tatu sitaisahau, maana watu wote mle ndani walikuwa wanapigana na vicheko vyao, unasikia pumzi zinavutwa, viti vinalialia, mtu huku anajifanya anakohoa, mwingine kule kaachia "hiii" nyembamba kama birika, akaikata. Na katikati ya hayo jamaa yangu akanisogelea sikioni, sauti imemkauka, akaninong'oneza:

"Umeshiriki."

Hapo ndipo nilipotoa kale kamlio anachokiita kilio. Hakikuwa kilio. Ilikuwa pua.

Mengine nayafupisha. Watu walisimama wakapiga makofi, mpiga piano akainama halafu akanyoosha mkono kuelekea upande wangu, nami nikainama kwa sababu sikujua nifanye nini kingine. Mlangoni mzee akanishika bega, akaniuliza kama ilikuwa imepangwa. Nilikuwa nimeshafungua mdomo niseme ndiyo, ni tafsiri yangu binafsi, jamaa akadakia, "Hapana, ana fangasi kweli."

Kurekodi mimi sikurekodi kitu. Ila kumbe kuna dada mmoja wa grupu alikuja na kinasa sauti cha maana, kakiweka chini ya kiti tangu mwanzo, kila kitu kimo na kimo vizuri mno, hata "tip" inasikika. Imeshasambaa. Watu wanne kwenye grupu wameweka "fundi wao yuko wapi" kuwa mlio wa simu. Kuna aliyeandika uchambuzi mrefu kwamba Woodstock walipata mvua na sisi tumepata mama, na ameuandika bila utani, ana aya nzima kuhusu besi ya kiti.

Mama habari zilimfikia, mnadhani zilimfikia kwa nani. Hakukasirika. Aliomba aingizwe kwenye grupu, na wakamwingiza bila kuniuliza, akaingia na "Haloo?" yake. Sasa hivi wanamsomesha. Jana wamemwelezea Erik Satie, mtunzi wa Ufaransa, na ile Vexations yake, ukurasa mmoja tu wa nota na maelekezo ya kuurudia mara 840, na kwamba Cage aliiandalia shoo New York mwaka 1963 wapiga piano wakapokezana zaidi ya saa 18. Mama akauliza huyo Satie alikuwa mtu wa namna gani. Wakamwambia hakuoa, aliishi peke yake kwenye chumba ambacho hakuruhusu mtu kuingia miaka 27, alipofariki mwaka 1925 rafiki zake wakafungua mlango wakakuta miamvuli kibao.

Mama akanyamaza kidogo. Kisha akatuma voisi, kwenye grupu, mbele ya wote, na safari hii hakuuliza kama inarekodi.

"Mwanangu, na wewe mwamvuli wako wa pili umenunua lini?"