Uliza ukubwa wa orodha kabla ya kuandika msimbo

Kinachowaangusha wahandisi hodari kwenye usaili wa programu ni haraka. Swali halijamalizika kusomwa, vidole vimeshafika kwenye kibodi. Usaili wa kawaida huchukua dakika 45 hadi 60, kwa hiyo mtu huona dakika tano za kuuliza ni hasara. Kwangu mimi, hizo ndizo dakika zenye thamani kuliko zote.

Chukua swali linalojulikana sana: umepewa orodha ya namba, tafuta mbili ambazo jumla yake ni 10. Uliza kwanza. Orodha ina urefu gani? Imeshapangwa? Kuna namba hasi, au zinazojirudia? Jozi isipopatikana, nirudishe nini? Namba zikiwa 100, lupu mbili (mizunguko ya kurudia hatua), moja ndani ya nyingine, zinatosha kabisa, tena zinasomeka kirahisi. Zikiwa 100,000, lupu hizo hizo zitalinganisha jozi karibu bilioni 5. Hapo tumia jedwali la hashi, yaani hifadhi inayokuonyesha papo hapo kama namba fulani imo: unapita orodha mara moja tu, na kwa kila namba unaangalia kama mwenzake wa kufikisha 10 ameshaonekana. Unalipia kwa kumbukumbu ya ziada. Na kama orodha imeshapangwa, hata jedwali halihitajiki. Anzia ncha zote mbili. Jumla ikizidi, rudi nyuma hatua moja upande wa mwisho, ikipungua, songa mbele upande wa mwanzo.

Kwenye jedwali kuna mtego. Wengi hujaza namba zote kwanza, ndipo waanze kutafuta. Namba 5 ikiwemo mara moja tu, programu itaijumlisha na yenyewe na kudai imepata 10. Angalia kwanza, hifadhi baadaye. Ukimaliza, pitisha mifano midogo kwa mkono, mstari kwa mstari, huku ukisema kwa sauti: orodha tupu, orodha yenye 5 moja, orodha yenye 5 mbili. Afadhali kosa ulione wewe kabla ya msaili.

Swali la ukubwa halikomei kwenye usaili. Mwaka 2006 mhandisi wa programu Joshua Bloch alieleza hadharani hitilafu iliyokuwa imekaa kama miaka tisa ndani ya maktaba ya lugha ya programu ya Java, kwenye msimbo wa kutafuta kwa kugawa orodha nusu kwa nusu. Ili kupata katikati, msimbo huo ulijumlisha nafasi ya mwanzo na ya mwisho, kisha ukagawa kwa 2. Orodha ikipita vipengele bilioni 1 hivi, jumla hiyo inaweza kuvuka 2,147,483,647, kikomo cha namba kamili ya biti 32, ikageuka hasi na programu ikakwama. Dawa yake ni fupi: chukua mwanzo, ongeza nusu ya tofauti kati ya mwisho na mwanzo.

Wasaili nao wana sehemu yao. Anayetupa swali, akakunja mikono na kununa kila akiulizwa jambo, anapima tabia ambayo kazini ingeleta hasara, kwa sababu huko maelezo ya kazi karibu kila mara huja na mapengo. Ningependa kila msaili aache pengo moja kwa makusudi, mathalani urefu wa orodha, na ampe anayesailiwa alama kwa kuuliza kabla hajautazama msimbo wake.