Umaskini una njia yake ya kufika moyoni, na pesa ina yake

Ukiuliza pale Mwanjelwa, jijini Mbeya, ni mtoto gani atakayekuja kuugua presha, jibu halichelewi: wa mwenye pesa, anayepelekwa shule na basi na kushindia soda na chipsi. Ukisoma tafiti za Marekani na Uingereza, jibu linageuka. Huko kijana wa familia ya kipato cha chini ndiye mwenye uzito uliozidi, presha ya kupanda na uwezekano mkubwa wa kuvuta sigara. Ubishi huu una uzito wake, kwa sababu mzazi, mwalimu wa afya na halmashauri hugawa fedha kidogo walizonazo kulingana na jibu wanaloliamini.

Tuanze na upande wa nje. Mwaka 1967 ulianza London utafiti wa watumishi wa serikali unaojulikana kwa jina la Whitehall. Michael Marmot na wenzake walipochambua takwimu zake walikuta kwamba kadiri cheo kilivyoshuka, ndivyo vifo vya moyo vilivyopanda. Hao walikuwa wanaume watu wazima. Kuhusu vijana, utafiti wa Bogalusa katika jimbo la Louisiana, uliofuatilia watoto tangu miaka ya 1970, ulionyesha kwamba ateri za vijana waliokufa kwa ajali na sababu nyingine zilikuwa zimeshaanza kuota michirizi ya mafuta, na michirizi ilikuwa mingi zaidi kwa waliokuwa na uzito, presha na lehemu (kolesteroli) ya juu. Ugonjwa tunaouona kwa mzee wa miaka 60 unaanza kujengeka akiwa bado kidato cha pili.

Lakini ngazi ile ya vyeo na vifo ya London ina sababu zake. Ukiwa na pesa kidogo Chicago, shibe ya bei rahisi ni chakula cha kiwandani, chenye mafuta, sukari na chumvi, na mboga mbichi ndizo ghali. Mtaa usio salama unamfungia kijana ndani. Uyole, Mbeya, mpangilio wa bei ni mwingine kabisa: shibe ya bei rahisi ni ugali, maharage, viazi vya kuchemsha na majani ya maboga, na mwanafunzi wa shule ya kata anatembea kwenda na kurudi apende asipende. Shirika la Afya Duniani linataka kijana wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kwa siku za kuushughulisha mwili hadi mapigo yaende mbio. Anayepanda kilima na ndoo ya maji kichwani kabla ya kwenda shule amezipata hata kabla ya kengele.

Hata unga unasimulia habari hiyo. Kaya yenye gunia la kuhesabu husaga dona, kwa kuwa debe halipungui mashineni. Mwenye nafasi hununua sembe iliyokobolewa ikawa nyeupe, na pamoja na pumba ameacha nyuzi lishe, ambazo hupunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu. (Dona nayo isisifiwe kupita kiasi: mahindi yasiyokaushwa vizuri huwa na sumukuvu, na kukoboa hupunguza sehemu ya sumu hiyo.)

Kwa hiyo mtu wa Mwanjelwa hajakosea. Takwimu za afya ya uzazi na watoto za taifa za 2022 zinaonyesha kwamba uzito uliozidi kwa wanawake wa miaka 15 hadi 49 unapanda kadiri kaya inavyopanda kiuchumi. Soda moja ya mililita 350, yenye gramu 10 hadi 11 za sukari katika kila mililita 100, ni kama vijiko tisa vya chai vya sukari. Chipsi mayai ya jioni imekaangwa kwa mafuta yaliyorudiwa tangu asubuhi, ikanyunyiziwa chumvi mara mbili, jikoni na mezani. Basi la shule limeondoa kutembea, twisheni imekula saa ya mpira, simu imekula ile iliyobaki.

Chumvi ndiyo rahisi kuipima nyumbani, na ni watu wachache wanaoipima. Kiwango cha juu kwa mtu mzima ni gramu 5 kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai, na kwa mtoto ni chini ya hapo. Andika tarehe uliyofungua pakiti ya chumvi, na tarehe iliyoisha. Kaya ya watu sita inayomaliza kilo moja kwa siku 20 inatumia gramu 1,000 gawa kwa 120, yaani zaidi ya gramu 8 kwa kila mtu kwa siku. Kiasi kidogo humwagwa na maji ya kuchemshia, lakini chumvi ya mkate, soseji na chipsi za barabarani haimo kwenye hesabu hiyo, kwa hiyo msijipunguzie. Mafuta nayo yanapimwa hivyohivyo: lita moja kwa watu sita kwa siku tano ni mililita 33 kwa kila mmoja kwa siku, zaidi ya kalori 250 kabla hujahesabu chakula chenyewe.

Tungeishia hapa, tungetangaza kwamba umaskini unalinda moyo. Si kweli, na hapa ndipo hoja ya wengi inapoanguka.

Nyanda za Juu Kusini ni ghala la chakula la nchi, na papo hapo ni kitovu cha udumavu. Mwaka 2022, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 30 ya watoto chini ya miaka mitano, mkoani Iringa zaidi ya nusu walikuwa wamedumaa, na Njombe na Rukwa zilikuwa karibu na nusu. Chakula kipo ila ni cha aina moja, mama anarudi shambani mapema, na mtoto anashinda na uji mtupu. Hili linahusiana vipi na moyo? Mtafiti wa Uingereza, David Barker, alionyesha mwaka 1986 kwamba maeneo ya Uingereza na Wales yaliyokuwa na vifo vingi vya watoto wachanga miaka ya 1920 ndiyo yaliyokuwa na vifo vingi vya moyo miongo mitano baadaye. Maelezo mojawapo yanaanzia kwenye figo. Vichujio vya figo hutengenezwa tumboni na kukamilika kabla ya mtoto kuzaliwa. Baada ya hapo haviongezeki. Anayezaliwa na uzito mdogo huzaliwa na vichujio vichache. Kila kimoja kinabeba mzigo mkubwa zaidi, chumvi inachelewa kutoka, na presha inapanda. Akiwa na miaka 15 huenda ni mwembamba na ana mbio, na bado akiba ya figo zake ni ndogo kuliko ya mwenzake.

Njia ya pili ya umaskini inapitia kooni. Bakteria wa mafindofindo, streptokoka wa kundi A, huenea pale watoto wanapolala wanne kitanda kimoja au kwenye bweni lenye vitanda vilivyobanana. Mtoto anaumwa koo, ana homa, tezi za mbele ya shingo zimevimba na zinauma, hakohoi. Mzazi anakwenda duka la dawa muhimu, ananunua vidonge vya siku mbili kwa kuwa ndiyo pesa iliyopo, koo linapoa, dawa inaachwa. Vidonge vya penisilini vinatakiwa siku 10 kamili, au sindano moja ya penisilini ya benzathini. Bakteria waliobaki huuchokoza mwili, na wiki mbili hadi nne baadaye kinga inashambulia viungo na vali za moyo (milango inayozuia damu kurudi nyuma): goti linauma leo, kesho kiwiko, kisha pumzi inakata mtoto akipanda mlima. Hiyo ni homa ya rumatiki, na umri wake hasa ni miaka 5 hadi 15.

Ninaitaja kwa urefu kwa sababu tafiti za nchi tajiri kuhusu uchumi wa familia na moyo wa kijana huigusa mara chache. Huko imebaki nadra. Orodha ya mambo manane ya afya ya moyo iliyotolewa na American Heart Association, shirika la moyo la Marekani, mwaka 2022 (mlo, mazoezi, nikotini, usingizi, uzito, lehemu, sukari na presha) haina koo wala vali. Ukiichukua kama ilivyo ukaipeleka wilaya za Kilolo au Makete, mtoto mwenye vali iliyokakamaa anaweza kupata alama nzuri kwenye karibu kila kipengele.

Moshi niupitie haraka. Jiko la kuni lisilo na dohani hutoa chembe ndogo zinazopita kwenye mapafu hadi kwenye damu na kukakamaza mishipa, na msichana anayepika ndiye anayezivuta kuliko kaka yake. Makete mwezi wa Julai jiko la mkaa huingizwa ndani kuota, mlango ukafungwa. Hapo hewa yenye sumu ya kaboni monoksidi inaweza kuua usiku huohuo. Usingizi nao unawapata wote: kijana anahitaji saa 8 hadi 10, na bweni linalozima taa saa nne usiku na kuamsha watoto saa kumi alfajiri limewapa sita, awe mtoto wa mfanyabiashara wa Tunduma au wa kibarua wa mashamba ya chai.

Naegemea wapi? Anayenitia hofu zaidi ni yule anayehama kutoka hali moja kwenda nyingine. Amezaliwa mdogo, akadumaa, kisha familia imepata nafuu: mbao za Mufindi zimeuzwa, parachichi zimelipa, au kijana amepelekwa kwa shangazi yake Iringa mjini kusoma. Figo zake zilijengwa kwenye uhaba, na sasa zinakutana na chipsi, soda na bajaji. Anabeba madhara ya hali zote mbili. Ukimuuliza baba kipato cha mwezi huu utamweka kwenye kundi la wenye nafuu, na historia yote ya tumboni imefutika. Dodoso la mali za kaya, linalouliza sakafu, bati na televisheni, lina kasoro hiyohiyo: linaonyesha kaya ilipo leo. Maswali mawili yangesaidia zaidi, nayo ni uzito wake wa kuzaliwa, ambao umo kwenye kadi ya kliniki ikiwa bado ipo, na mama alisoma hadi wapi.

Kuna jambo jingine linalopotosha ubishi huu, na halizungumzwi vya kutosha: mkanda wa mashine ya presha. Zahanati nyingi zina mmoja tu, wa mtu mzima, uliotengenezwa kwa mkono wenye mzingo wa sentimita 27 hadi 34. Ukimvisha kijana mwembamba wa sentimita 22, mashine inasoma chini ya ukweli. Ukiuvisha mkono mnene wa sentimita 37, inasoma juu ya ukweli. Kwa mkanda huo mmoja mtoto wa maskini anaonekana salama kuliko alivyo, na wa tajiri mgonjwa kuliko alivyo, na tofauti inayoandikwa kitabuni imetoka kwenye kifaa. Mfuko wa hewa ulio ndani ya mkanda unatakiwa uzunguke angalau asilimia 80 ya mkono, na upana wake usipungue asilimia 40 ya mzingo. Kijana akae dakika tano kimya, mgongo umeegemea, miguu chini bila kupishana, mkono usawa wa moyo. Aliyetoka tu kupanda kilima cha shule asipimwe. Kwa mwenye miaka 13 na kuendelea, chini ya 120/80 ni sawa, 130/80 na zaidi ni presha ya juu, lakini asiitwe mgonjwa mpaka ionekane siku tatu tofauti.

Kwa uzito, kamba inatosha kuanzia. Ikate sawa na kimo cha kijana, ikunje katikati, izungushe tumboni kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, akiwa ametoa pumzi. Ncha zisipokutana, kiuno kimezidi nusu ya kimo. Kwa aliyedumaa kipimo hiki kina faida yake, kwa sababu kinayaona mafuta ya tumboni kwa kijana mfupi ambaye mizani peke yake ingempitisha.

Kama halmashauri ina fedha za jambo moja, ningeanza na koo. Kupunguza soda kwenye duka la shule ni sawa na kunawezekana bila gharama, na wanaosema tusisubiri unene uwe janga wana haki: utafiti wa kitaifa wa 2012 ulikuta takriban robo ya Watanzania wa miaka 25 hadi 64 wana presha ya juu. Ila mafuta ya kiunoni yanarudishwa nyuma kwa miezi, na vali iliyoharibika hairudi. Huishia kwenye upasuaji, mara nyingi katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 kutoka Mbeya, na nauli pekee huangusha familia.

Kijana aliyekwisha pata homa ya rumatiki anahitaji sindano ya benzathini kila wiki tatu hadi nne, angalau mpaka afikishe miaka 21, na zaidi ikiwa vali zimeguswa. Mpango huu huvunjika kwa namna zilezile: sindano inauma na anaikwepa, zahanati imeishiwa, likizo imeingia kati, au amehamia bweni na hakuna aliyeambiwa. Barua ya daktari iende shuleni siku ya kuripoti pamoja na godoro na ndoo, na kalenda ya sindano ikae ofisini kwa matroni, tarehe zimeandikwa hadi mwisho wa muhula, kwa sababu ile inayobaki ndani ya begi la mwanafunzi hupotea kabla ya sindano ya pili.