Unga Umerutubishwa, Damu Je?

Kidonge cha asidi ya foliki, aina ya vitamini B, anachopewa mama kliniki ya wajawazito kina faida zake, ila kwa kazi moja kubwa huwa kimechelewa. Kazi hiyo ni kusaidia mfereji wa neva ujifunge. Mfereji huo, ambao baadaye huwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto, hujifunga ndani ya siku 28 hivi tangu mimba itungwe. Siku hizo wanawake wengi hata hawajajua kama ni wajawazito. Usipojifunga sawasawa, mtoto huzaliwa na mgongo wazi, au bila sehemu kubwa ya ubongo na fuvu.

Ndiyo maana naunga mkono sheria za kuongeza asidi ya foliki kwenye unga kiwandani. Ushauri wa kumeza vidonge mapema humfaa aliyepanga kuzaa, na mimba nyingi hazipangwi.

Ushahidi si wa jana. Mwaka 1991 utafiti ulioongozwa na Uingereza ulionyesha kwamba, kwa wanawake waliowahi kupata mimba yenye kasoro hii, asidi ya foliki ilipunguza hatari ya kujirudia kwa asilimia 72 hivi. Marekani iliweka sharti mwaka 1998, mikrogramu 140 katika kila gramu 100 za unga; Chile ikafuata mwaka 2000 kwa kiwango cha juu zaidi. Kote kuwili kasoro hizo zilipungua. Uingereza yenyewe ilitangaza uamuzi wa kurutubisha unga mwaka 2021. Miaka 30!

Hata hivyo sheria ikishapita, naona wengi wanahesabu magunia na nembo kwenye pakiti, kisha wanajipongeza. Kinachotakiwa kuhesabiwa kiko kwenye damu. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2015 kwamba, kwa wanawake walio katika umri wa kuzaa, foleti (jina la jumla la vitamini hii, ambayo asidi ya foliki ni aina yake ya kiwandani) ndani ya seli nyekundu izidi nanogramu 400 kwa mililita. Ni kipimo cha kutathmini jamii nzima, si cha kumwambia mwanamke mmoja kwamba mtoto wake yuko salama. Na ni seli nyekundu kwa sababu: foleti huingia humo seli inapotengenezwa, na seli huishi takriban siku 120, kwa hiyo inasimulia lishe ya miezi. Majimaji ya damu husimulia zaidi mlo wa karibuni.

Bila kipimo hicho, waliosahaulika hawaonekani. Sharti la Marekani la 1998 halikugusa unga wa mahindi yaliyochemshwa kwa chokaa, chakula cha kila siku cha familia nyingi zenye asili ya Amerika ya Kilatini, ambako kasoro hizi ni nyingi zaidi. Ruhusa ya kuurutubisha ilikuja mwaka 2016, tena kwa hiari! Hali ni hiyohiyo kwa yeyote anayesaga nafaka yake kwenye kinu kidogo: sheria ya viwanda haimfikii.

Wanaohofia kwamba asidi ya foliki nyingi inaweza kuficha upungufu wa vitamini B12 wana hoja, ingawa haitoshi kuzuia mpango mzima. Damu si imeshatolewa? Ipimwe na B12.

Na sampuli za kwanza zichukuliwe kabla unga haujaanza kurutubishwa, la sivyo matokeo ya baadaye hayatakuwa na cha kulinganishwa nacho.