Paa la kuficha, karo la kubahatisha

Masika yakianza, Goba na Kimara, Dar es Salaam, huna haja ya kutazama mawingu. Pua inatosha. Mvua ikikolea usiku kuna mtu anafungua chemba na kutapisha maji ya choo mtaani, asubuhi watoto wa jirani wanaruka madimbwi wakienda shule. Na anayetapisha si lazima awe mpangaji wa chumba kimoja. Mara nyingi ni mwenye paa la kuficha nyuma ya ukuta, jipsamu ya ngazi tatu na geti la umeme.

Nyumba hizi zina utaratibu wake: msingi, kuta, paa, fensi, pevingi. Karo, yaani tangi la kupokea maji ya choo, je? "Tutaangalia patakapobaki." Panapobaki ni kona ya fensi, hatua tano kutoka kisima cha jirani, wakati shimo la maji machafu linatakiwa kukaa mita 30 na kisima.

Kabla ya shimo la kunywesha, lile linalopokea maji kutoka kwenye karo na kuyaingiza ardhini, pima udongo. Chimba kijishimo cha upana wa futi moja, kina kile kile ambapo maji ya karo yatatokea, jaza maji, yaache yalale. Kesho yake tia tena sentimita 15 utazame saa. Kwenye mchanga yanazama ukiyaangalia. Kwenye mfinyanzi utakwenda kula wali, urudi, uyakute. Hapo fundi atasema "tuongeze kina, bosi." Kina kinakusaidia nini kama tabaka la chini nalo ni mfinyanzi? Unachohitaji ni eneo: mtaro mrefu uliojazwa kokoto. Na Kigamboni, sehemu zenye maji ya karibu, kuongeza kina ni kuyafuata maji yenyewe. Masika shimo linajaa kabla hujaflashi.

Karo lenyewe halina uchawi. Familia ya watu 6: urefu wa ndani mita 2.5, upana 1.2, kina cha maji 1.2, yaani lita 3,600. Ukuta wa kati uache theluthi mbili za urefu upande wa kuingilia. Bomba la kuingiza likae sentimita 5 au zaidi juu ya la kutoa. Bomba la inchi 4 kutoka chooni lishuke sentimita 2.5 kila mita. Halafu tii, jamani, tii! Kila bomba karoni liishie kwenye tii, kiungio chenye umbo la T, inayozama majini. Mafundi wanairuka kwa kuwa mwenye nyumba haioni, lakini ndiyo inayozuia utando wa mafuta na uchafu unaoelea usivuke kwenda shimo la kunywesha. Utando ukivuka, unaziba vitundu vya udongo, shimo linaacha kunywa. Baada ya hapo utaita gari la kuvuta majitaka kila mwezi na kulaumu mvua.

Haya, mtasema viwanja ni mita 20 kwa 20, na sehemu nyingi za huko bomba la majitaka la jiji halijafika. Nakubali. Ila nani aliwatuma kusogeza fensi hadi njia ikabaki ya bodaboda?

Maana siku ya kuvuta inafika. Gari linasimama kwenye kona ya mtaa, mpira unaungwa vipande na unaishia getini kwa jirani. Ndani, kijana ameshika sururu anavunja pevingi ya tatu, kwa sababu hakuna anayekumbuka mfuniko wa karo ulifukiwa wapi.